Sahani yako ya hotelini ina kaboni kiasi gani? Till haiwezi kukuambia

Umekula hotelini pale Rapsu, umelipa kwa till, SMS imeingia: shilingi ngapi, kwa nani, saa ngapi. Huko Ulaya kuna programu za simu, mfano ile ya Doconomy ya Sweden, zinazochukua rekodi kama hiyo na kukukadiria alama ya kaboni, yaani uzito wa gesi zinazopasha dunia joto zilizotoka ili wewe upate ulichonunua. Hesabu yenyewe ni rahisi: pesa uliyolipa mara kiwango cha aina ile ya biashara.

Kwa chakula cha hoteli, tunasema wazi, hesabu hiyo inadanganya. Tuseme maharagwe na chapati Rapsu ni shilingi 100, na sahani kama hiyo kwenye loji ya watalii ni 600. Simu itasema ya loji ina kaboni mara sita. Kwani maharagwe yamebadilika? Tena aliyekula nyama ya 300 na aliyewanunulia wenzake maharagwe sahani tatu wataonekana sawa kabisa. Sisi tunaona shilingi, till na saa. Sufuria hatuioni.

Kinachopimwa ni kilo. Mgahawa wa Max huko Sweden ulianza kuandika kaboni kwenye menyu tangu 2008, na ulianzia kwenye viungo, si kwenye bei. Utafiti mkubwa wa Poore na Nemecek, uliotoka 2018 ukiwa na takwimu za mashamba kama 38,000 duniani, ulipata kwamba gramu 100 za protini kutoka kwa ng'ombe wa nyama hutoa wastani wa kilo 50 za kaboni. Protini kiasi hicho hicho kutoka kwa jamii ya maharagwe haifiki hata kilo moja, ni kama 0.8.

Tulete hiyo mezani. Kipande cha nyama cha gramu 100 kina protini kama gramu 20, basi ni kilo 10 za kaboni. Sahani ya maharagwe yenye protini gramu 10 ni gramu 80 tu. Na wale wanaofikiri lori ndilo tatizo, nyanya itoke kwenye mashamba ya kumwagilia ya Rapsu au itoke mbali, usafiri kwa kawaida ni sehemu ndogo ya hesabu nzima.

Sasa moto. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa karibu kilo 3 za kaboni. Hoteli inayomaliza mitungi mitatu ya kilo 13 kwa mwezi imetoa kilo 117. Ikiwa imeuza sahani 1,500, kila sahani inabeba gramu 78. Umeona? Kwa maharagwe, moto unakaribia kulingana na chakula chenyewe, kwa hivyo kuyaloweka usiku ili yaive haraka kunapunguza kaboni na gharama pia. Kwa nyama, moto ni kitu kidogo, ng'ombe ndiye hesabu. Makaa ni mabaya zaidi kuliko yanavyoonekana, kwa sababu kilo moja ya makaa ya tanuri la udongo hula kilo kadhaa za kuni kabla hata hujawasha jiko.

Lakini ile kilo 10 ya nyama msiichukue kama ya Garbatulla. Ni wastani wa dunia. Watafiti wa kituo cha Mazingira, ILRI Nairobi, walipima kinyesi na mkojo wa ng'ombe hapa Kenya wakapata gesi kidogo kuliko viwango vya kimataifa vinavyotumika. Wakapima pia maboma yaliyohamwa, na huko mambo yakawa kinyume: samadi iliyorundikana inaendelea kutoa nitrasi oksidi miaka mingi baada ya mifugo kuondoka. Ongeza ukame wa 2020 hadi 2023 uliomaliza mifugo zaidi ya milioni 2 kaskazini. Mnyama aliyetoa methani miaka minne kisha akafa hajaleta hata sahani moja, na mzigo wake unahesabiwa kwa waliobaki. Mfugaji amepoteza ng'ombe, halafu kwenye karatasi nyama yake inaonekana chafu zaidi. Hatuoni haki hapo, na ndiyo sababu hatutaki kubandika namba ya Ulaya kwenye SMS yako.

Mwenye hoteli akitaka kujipimia, asiangalie pesa zinazoingia, aangalie zinazotoka. Mlipe muuza nyama, wa gesi na wa makaa kwa simu, ukitumia laini ya biashara, si ya nyumbani. Mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala, andika kilo kando ya kila malipo, kisha gawa kwa idadi ya sahani. Kwa makaa, pima gunia moja kwenye mizani kwanza. Magunia hayalingani, hilo mnalijua kuliko sisi.