Mzee Bogle na hesabu ya makuta yetu

Mshahara wangu wa kwanza niliupeleka kwa mtu aliyeahidi kuuzidisha mara mbili kwa mwezi mmoja. Sikuuona tena. Ndiyo maana leo ninamkumbuka John Bogle, aliyefariki kule Marekani tarehe 16 Januari 2019, akiwa na miaka 89.

Mwaka 1974 alifukuzwa kwenye kampuni aliyokuwa akiiongoza. Mwaka huo huo akaanzisha Vanguard, akaiweka mikononi mwa wateja wenyewe. Sisi hilo tunalielewa vizuri: likelemba nayo ni ya wanamemba, haina bosi wa kukata faida. Mwaka 1976 akafungua mfuko wa raia wa kawaida, unaofuata tu soko la kampuni 500 kubwa, bila kulipa mabingwa wa kubahatisha. Walitarajia dola milioni 150, zikaingia kama milioni 11. Watu wakamcheka, wakasema ni wazimu wa Bogle. Leo hii mifuko ya namna ile imejaa dunia nzima.

Somo lake lilikuwa moja: angalia unakatwa ngapi. Weka dola 1000, zizae 7% kila mwaka, usiziguse miaka 40: zinakuwa karibu 15 000. Sasa mtu wa kati akikukata 2% kila mwaka, unabaki na 5%, na mwisho unapata karibu 7000 tu. Zaidi ya nusu imeenda, na hasara ingekuja ungeibeba wewe peke yako.

Utasema: kwetu Congo wengi hatununui hisa. Ni kweli, lakini hesabu iko ile ile. Ukitoa feza kwenye simu kidogo kidogo, kila mara unakatwa. Ukikopa dola 100 kwa riba ya 10% kwa mwezi, na hujalipa kitu, deni likiendelea kuzaa hivyo, baada ya mwaka unadaiwa karibu 314. Na yule wa kuzidisha mara mbili, huyo hakati: anabeba yote.

Basi mwezi huu chukua karatasi, andika kila franga uliyokatwa na nani aliyeikata. Ukishajumlisha, utajua wapi pa kuanzia. Mzee apumzike kwa amani.