Phoebe, Mwezi Unaokwenda Kinyume

Kipimo cha mwinuko kilisoma mita 5, na chombo kilikuwa kinashuka mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Nikaona yatosha, nikazima injini. Miguu ikagusa ardhi, chombo kikadunda. Kikapanda hadi kama mita 10, kikasita huko juu, kisha kikaanza kurudi. Kutoka mguso wa kwanza hadi wa pili zilipita sekunde 40 nzima. Nilikuwa mbele ya kompyuta, ndani ya programu ya kuiga safari za anga, nikijaribu kutua Phoebe, mwezi mdogo wa Zohali.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza mwendo wa vyombo vya anga, simtumi kwenye Mwezi wetu. Namtuma Phoebe.

Upana wake kwa wastani ni kilomita 213 tu. Nguvu ya uvutano juu ya uso wake ni kama sehemu moja kwa 200 ya ile ya duniani, hivyo mtu wa kilo 70 akipanda mizani huko ataona gramu 350. Jiwe likiachwa kutoka usawa wa kiuno huchukua zaidi ya sekunde 6 kufika chini. Ukirusha kitu kwa mita 102 kwa sekunde, sawa na kilomita 367 kwa saa, hakirudi tena. Kwa hiyo injini kubwa hapa ni mzigo, vijiinjini vya kugeuzia chombo vinatosha. Kutua Phoebe kunafanana zaidi na kufunga gati kuliko kushuka. Nahodha anayeleta jahazi gatini hapambani na uzito wa jahazi, anapambana na mwendo uliobaki. Yaliyonipata kwenye kioo cha kompyuta yaliipata kweli Philae, ile roboti ya Ulaya iliyoteremshwa juu ya kimondo chenye mkia tarehe 12 Novemba 2014. Vyusa vyake vya kujishikiza havikufyatuka. Ikadunda, na ikaelea karibu saa mbili kabla ya kugusa tena.

Wanaastronomia huiita miezi kama Phoebe miezi isiyo ya kawaida, na wengi wakisikia hivyo hufikiria mawe yaliyopinda kama viazi. Kinachotazamwa ni njia, si umbo. Phoebe yenyewe inakaribia kuwa duara. Miezi ya kawaida huzunguka karibu na sayari, kwenye bapa la ikweta yake, kuelekea inakojizungushia sayari. Phoebe iko mbali, wastani wa kilomita milioni 13 kutoka Zohali, hutumia siku 550 kumaliza mzunguko mmoja, na huenda kinyume. Mwaka 2025 idadi ya miezi ya Zohali inayotambuliwa ilifika 274, na sehemu kubwa ni ya kundi hili la mbali. Phoebe ndio mwezi mkubwa kuliko yote katika kundi hilo. Mwanaastronomia William Pickering aliutangaza mwaka 1899, baada ya kuuona kwenye vioo vya picha vilivyopigwa mwaka uliotangulia huko Arequipa, Peru. Ulikuwa mwezi wa kwanza kugunduliwa kwa kamera.

Huko kwenda kinyume ndiko kunakomfundisha mwanafunzi somo ambalo vitabu hulipitia haraka. Chukua kalamu. Unaondoka jirani na Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, na unataka kufika Phoebe kwa njia ya kawaida, yaani nusu ya duaradufu inayogusa mizunguko yote miwili. Safari ni siku 111 hivi. Unafika huku chombo kikienda kilomita 0.71 kwa sekunde. Phoebe inakuja upande wa pili kwa kilomita 1.71. Mnakutana uso kwa uso, na tofauti ya kufuta kwa injini ni kilomita 2.42 kwa sekunde. Kama mwezi huohuo ungekwenda upande wako, ungehitaji kufuta kilomita 1 tu. Mwezi ambao mvuto wake huliangusha jiwe kwa sekunde 6 kutoka kiunoni unakula mafuta mengi kuliko yanayohitajika kuuacha Mwezi wetu, ambako kasi ya kuondoka moja kwa moja ni kilomita 2.38 kwa sekunde.

Lakini kuna njia ya subira, na hii ndiyo ninayoipenda. Usisimame Phoebe. Pitiliza, panda hadi kilomita milioni 40 kutoka Zohali. Huko juu chombo kimechoka, kinakwenda mita 240 hivi kwa sekunde, na kugeuza kitu kinachotambaa ni rahisi. Washa injini, geuka, anza kuanguka kwa kinyumenyume, kisha ipate Phoebe kwa nyuma. Jumla ya kugeuka na kulinganisha mwendo na Phoebe ni kilomita 1.3 hivi kwa sekunde badala ya 2.42. Nyongeza ya mwanzoni, ya kupanda mbali zaidi, ni ndogo. Bei yake ni muda: karibu miaka minne. Nimeona wanafunzi wakibishana jioni nzima juu ya njia hizi mbili, na kila mmoja ana hoja.

Ukishafika, angalia mambo mawili. Phoebe hujizungusha mara moja kila saa 9 na dakika 16, hivyo ardhi ya ikweta inakimbia mita 20 kwa sekunde. Ukizunguka karibu na uso kwa mita 72 kwa sekunde, kushuka kwa upande wa mzunguko wake hukuachia tofauti ya mita 52, na upande wa pili 92. La pili ni kipimo cha mwinuko. Programu ikiuchora mwezi kama tufe kamili, inakudanganya, kwa sababu kutoka katikati hadi ikweta ni kilomita 109 hivi na hadi ncha ni 102. Vipimo hivyo tunavyo kwa hisani ya chombo cha anga Cassini, kilichopita umbali wa kilomita 2,068 tarehe 11 Juni 2004. Hakuna chombo kingine kilichowahi kukaribia hivyo.

Chagua programu kwa uangalifu. Katika Kerbal Space Program, sayari ya kubuni Jool ina miezi midogo Bop na Pol, mizuri kwa kujifunza kutua, lakini yote miwili huenda upande wa wenzao. Tena chombo huvutwa na gimba moja tu kwa wakati mmoja. Orbiter ya Martin Schweiger, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, hujumlisha mvuto wa magimba mengi pamoja. Tofauti hiyo ni kubwa kwenye kilomita milioni 40, kwa sababu pale Jua nalo linavuta. Panga saa ya kufika vizuri, na Jua litakufanyia sehemu ya kazi ya kugeuka, bila tone la mafuta.