Moto Katikati ya Maji

Kila msimu wa kaskazi unapoingia, bandari ya Mombasa huanza kupokea meli kubwa za kitalii. Watoto wetu huzitazama kutoka ufuoni Mama Ngina zikipita polepole katika mlango wa Likoni, zina ghorofa juu ya ghorofa, na usiku huwaka taa mithili ya mji unaotembea. Zamani uhusiano wetu nazo uliishia hapo, kutazama na kustaajabu. Siku hizi mambo yamebadilika. Wapo vijana wetu wa Pwani, wa kiume na wa kike, walioajiriwa humo kuwa wapishi, wahudumu wa vyumba na mafundi. Zipo pia familia ambazo, zikiwatembelea jamaa zao Dubai, hukata tiketi za safari za siku chache katika Ghuba. Basi tumeona yafaa tuzungumze juu ya jambo ambalo katika matangazo ya meli hizi halitajwi, nalo ni moto.

Mtu atauliza, moto wa nini na maji yamezunguka kila upande? Lakini mabaharia wa tangu na tangu huogopa moto kuliko dhoruba. Nyumba ikishika moto Kisauni au Malindi, wenyewe hutoka nje na majirani wakaja na ndoo. Melini hakuna nje ila bahari, na hakuna zimamoto wa kupigiwa simu. Zimamoto ni wale wale waliokupikia chakula cha usiku na kukutandikia kitanda. Zaidi ya hayo, meli ni chuma kilichofungwa. Chuma hupitisha joto hata upande wa pili wa ukuta, na moshi ukiingia katika ujia mwembamba wenye milango ya vyumba huku na huku, hauna pa kutokea. Wengi wanaofariki katika moto wa namna hii hawafikiwi na ulimi wa moto hata kidogo. Huuawa na moshi, na wengine wangali usingizini.

Haya yalidhihirika usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1990, katika bahari iliyo baina ya Norwe na Denmaki. Meli iliyoitwa Scandinavian Star ilikuwa imefanya kazi ya starehe upande wa Marekani, kisha ikanunuliwa na kuletwa haraka kuvusha abiria na magari kutoka Oslo kwenda Frederikshavn. Mabaharia wengi walikuwa wageni wa chombo chenyewe. Walipewa siku chache tu za kukizoea, na zoezi la moto halikufanywa. Baadhi yao hawakusema lugha za abiria wala Kiingereza. Mnamo saa nane za usiku moto ulizuka katika ujia. Kuta zilikuwa zimebandikwa mapambo ya plastiki ngumu ambayo yakiungua hutoa hewa ya sumu, na baadhi ya milango ya kuzuia moto haikufungwa. Waliolala vyumbani wengine hawakuisikia kengele. Walioisikia walitoka wakapotea ndani ya moshi, kwani njia hawakuzijua, na waliopaswa kuwaonyesha njia hawakuzijua pia. Nahodha alishuka katika mashua ya uokozi ilhali ndani bado mlikuwa na watu. Roho 159 zilipotea, wakiwemo watoto. Ubishi juu ya nani aliyeuwasha moto ule haujaisha hadi leo. Lakini kwa nini watu wengi kiasi hicho walikufa, juu ya hilo hapana ubishi mkubwa: meli iliondoka bandarini kabla ya watu wake kuwa tayari.

Sasa tuuweke kando ya mkasa huo mwingine wa bahari yetu wenyewe. Tarehe 27 Februari 2012, meli ya Kiitaliano iliyoitwa Costa Allegra ilikuwa njiani kutoka Madagaska kwenda Ushelisheli, ikiwa na watu 1,049, abiria pamoja na mabaharia. Moto ulishika katika chumba cha jenereta, upande wa tezi. Kengele ikalia, abiria wakavaa majaketi ya kuokolea maisha na kukusanyika katika vituo vyao, na mabaharia wakauzima moto. Lakini umeme wote ulikatika na meli ikawa haina nguvu, ikielea kama kifuu cha nazi. Hapakuwa na taa, wala hewa ya kupoza, wala maji ya vyooni, na joto la bahari yetu la mwezi Februari tunalijua. Watu wakahamia sitahani kulala. Meli ya Kifaransa ya uvuvi wa jodari, Trevignon, ikafika ya kwanza na kuifunga kamba, ikaivuta mpaka Mahe, wakafika tarehe 1 Machi. Dhiki ilikuwepo, bila shaka. Lakini hakuna aliyekufa.

Hatusemi kwamba mikasa hii miwili ililingana katika kila jambo. Mmoja ulianza penye vyumba vya kulala, mwingine ulianza penye mitambo, mahali palipojengwa kwa kutarajia moto. Hata hivyo tofauti moja yatosha kutafakariwa. Katika Costa Allegra kila abiria alikuwa na mahali anapojua kwenda, na kila baharia alikuwa na kazi anayojua kuifanya.

Sheria za usalama wa bahari karibu zote zimeandikwa baada ya msiba. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, mataifa yalikutana na kufunga mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914, mkataba ambao mabaharia huuita SOLAS, na ambao umekuwa ukifanyiwa marekebisho mpaka sasa. Morro Castle iliungua karibu na pwani ya New Jersey mwaka 1934 na kuua zaidi ya watu 130, na baada yake vitu vinavyoshika moto haraka vilianza kukatazwa katika ujenzi wa meli. Msiba wa Scandinavian Star ulileta kanuni za mwaka 1992, zilizolazimisha vitambua moshi, vinyunyizio vya maji darini, na taa za chini sakafuni zinazoonyesha njia ya kutokea pale moshi unapoficha taa za juu. Ukipanda meli leo ukaona mstari unaong'aa chini ya ukuta, usidhani ni pambo.

Hata hivyo moto hutafuta mahali sheria haijafika. Tarehe 23 Machi 2006, Star Princess ilikuwa ikielekea Jamaika usiku, na moto ukaanza katika roshani ya chumba kimoja. Wachunguzi waliona kuwa yaelekea chanzo chake kilikuwa kipande cha sigara kilichotupwa. Ndani ya meli mlikuwa na vinyunyizio, lakini roshani zilihesabiwa kuwa ni nje, nazo zilitengwa kwa vioo vya plastiki na kupangwa viti vya plastiki. Moto ukapanda ghorofa hadi ghorofa kwa muda wa dakika chache. Abiria mmoja alifariki, na vyumba vingi viliteketea au kuharibika. Ndipo kanuni mpya zikaja juu ya roshani. Kipande cha sigara, tena kidogo kuliko kidole!

Hapa tuwaombe radhi kina mama, kwa kuwa tunawajua. Katika sanduku la safari hapakosi chetezo, na udi wa kufukiza nguo. Melini haviruhusiwi. Mshumaa hauruhusiwi, mkaa hauruhusiwi, na pasi na jagi la kuchemshia maji kwa kawaida vitachukuliwa mlangoni na kurudishwa siku ya kushuka. Chetezo cha umeme nacho ni hivyo hivyo. Msione kuwa ni ukali wa Wazungu. Chumba kile kina zulia, pazia na vitanda vinavyobanana, na ukuta wake ndio ukuta wa jirani. Manukato ya kujipaka yatatosha mpaka mrudi nyumbani.

Jambo lingine ambalo wasio mabaharia hawalifikirii ni kwamba maji ya kuzimia moto nayo yaweza kuizamisha meli. Mwezi Februari 2006 feri Al-Salam Boccaccio 98 ilivuka Bahari ya Shamu kutoka Duba, Saudia, kwenda Safaga, Misri, ikiwa na watu wapatao 1,400, wengi wao wafanyakazi wa Kimisri waliokuwa wakirejea kwao. Moto ulizuka kwenye sitaha ya magari. Ukamwagiwa maji kwa saa nyingi, lakini maji hayakupata njia ya kutoka. Yakajaa ndani, yakawa yanahama upande huu na upande huu, chombo kikainama na kupinduka. Watu takriban 1,000 walikufa. Basi abiria anapoambiwa na baharia asimwage maji mahali fulani, au asifungue mlango fulani, asibishane naye. Katika chumba cha mitambo mara nyingi hawatumii maji kabisa. Hufunga milango, wakahesabu watu wote wametoka, ndipo wakajaza chumba hewa inayounyima moto pumzi. Hewa hiyo humnyima pumzi na binadamu, ndiyo sababu kuhesabu hutangulia.

Sasa tuje kwenye fungu la abiria mwenyewe, nalo ni zoezi la kukusanyika. Kabla ya mwaka 2015 sheria iliruhusu zoezi hilo kufanywa ndani ya saa 24 tangu abiria kupanda. Costa Concordia ilipogonga mwamba huko Italia Januari 2012, wakafa watu 32, walikuwemo abiria waliopanda jioni ile ile na ambao hawakuwa wamefanya zoezi lolote. Tangu Januari 2015 zoezi ni kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka. Utaonyeshwa kituo chako, utaonyeshwa jaketi, utasikilizishwa mlio: saba mifupi au zaidi, kisha mmoja mrefu. Tumesikia wapo wanaokaa chumbani wakati huo kwa kusema wamechoka na safari. Nusu saa hiyo ndiyo watakayoitegemea usiku, gizani, pamoja na watoto.

Na katika watoto ndipo penye uzito. Meli nyingi zina ukumbi wa watoto, ambamo mzazi huwaacha wakacheza. Kengele ikilia na mama yuko ghorofa nyingine, moyo utamwambia akimbie kumfuata mwanawe, na atapanda ngazi dhidi ya mamia wanaoshuka. Siku ya kwanza, kabla ya kumwacha mtoto pale, aulize: kengele ikilia, nani atamchukua mwanangu, na atampeleka kituo gani? Aulize mpaka ajibiwe waziwazi. Kisha mume na mke wakubaliane kwamba kila mmoja, popote alipo, ataelekea kituoni, na kwamba hakuna atakayerudi chumbani kwa ajili ya simu, dhahabu wala pasipoti.

Mkiingia chumbani kwa mara ya kwanza, hesabuni milango kutoka kwenu mpaka ngazi ya karibu, na ngazi ya upande wa pili pia. Watoto waihesabu kwa kugusa ukuta, kwa maana katika moshi macho hayatumiki. Lifti msiziguse. Mkihisi mlango una joto mnapouwekea nyuma ya kiganja, msiufungue. Zibeni chini yake kwa taulo lililoloweshwa, mpige simu. Mkipita penye moshi, piteni mmeinama, kwani hewa safi hubaki chini, na kila mlango mnaoupita ufungeni.

Yapo mavazi pia. Dada zetu walale na buibui, mtandio na viatu vya kufunga vikiwa mahali pamoja karibu na kitanda, ili pasiwe na kutafuta. Jaketi huvaliwa juu ya buibui, si ndani yake. Ncha za mtandio ziingizwe ndani na pindo la buibui likunjwe lisikanyagwe ngazini. Na ikiwa moshi umefika na mtandio hauonekani, mama atoke vivyo hivyo alivyo, na akishikwa mkono na baharia mwanamume wa kumvusha, ashikwe. Kuilinda roho kumetangulia, na juu ya hili wanazuoni hawana mzozo. Tumelazimika kuliandika waziwazi kwa sababu tunajua wapo watakaosita.

Tumalizie na wazazi wa mabaharia. Kijana anayekwenda kufanya kazi katika meli hizi hutakiwa awe na mafunzo ya msingi ya usalama: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na wajibu wake kwa wenzake. Mafunzo ya moto na ya kujiokoa hurudiwa kuthibitishwa kila baada ya miaka mitano. Atakayehudumia abiria huongezewa mafunzo ya kuongoza umati. Wapo wanaotafuta njia ya mkato, wapate cheti bila kuingia darasani. Mzazi anayelipia cheti cha namna hiyo anamnunulia mwanawe hatari, na anawanunulia hatari abiria wasiomjua. Mhudumu wa vyumba siku ya moto si mhudumu tena. Huenda jina lake limeandikwa katika orodha ya dharura kuwa ndiye wa kusimama kichwani mwa ngazi na kuwaelekeza watu mia. Katika meli za abiria mazoezi hayo hufanywa kila wiki, na kila baharia hapaswi kupitisha mwezi bila kushiriki la moto na la kuiacha meli.

Basi kijana akipiga simu kutoka Barcelona au Miami, baada ya salamu, na baada ya kuulizwa kama anakula vizuri na kama mshahara umeingia, mama amwulize na hili: kituo chako cha dharura ni kipi, na kazi yako hapo ni nini? Akijibu papo hapo, bila ya kufikiri, mama na alale usingizi wake.