Farasi Mnene Hafungishwi

Sisi tumezoea kumhurumia mnyama aliyekonda. Mbavu zikihesabika, twasema mwenyewe ni katili. Huko Uingereza, madaktari wa mifugo wanahangaika na jambo lililo kinyume chake: farasi waliopendwa mno, wakalishwa mno, wakanenepa hata wakaugua.

Wengi wao ni farasi wadogo wa asili ya huko, wa visiwa vya Shetland na milima ya Wales. Mababu zao waliishi kwa majani haba na baridi kali, na miili yao ikazoea kuweka akiba. Leo mnyama huyo huyo anaachiwa malisho mazito, anavishwa blanketi wakati wa baridi, na anapandwa Jumapili peke yake. Akiba inawekwa, matumizi hakuna.

Hatari iko miguuni. Farasi mnene akila majani yenye sukari nyingi, insulini huzidi katika damu yake, na ile nyama laini inayoshikilia mfupa ndani ya ukwato huanza kuachia. Ugonjwa huo huitwa laminitisi. Maumivu yake ni makali, na mfupa ukishapinda au kuzama ndani ya ukwato, wakati mwingine hapana budi mnyama auawe.

Akisikia hayo, mwenye farasi hutaka kumfungisha. La hasha! Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali, hivyo akikaa na njaa kwa saa nyingi hupata vidonda vya tumbo. Tena farasi mdogo aliye mnene, na punda zaidi, akikatiwa chakula ghafla, mafuta ya mwilini huingia kwenye damu kwa wingi na kulijaza ini. Anaweza kufa kwa siku chache.

Kinachotakiwa ni kupunguza huku anaendelea kutafuna. Nafaka ziondolewe. Nyasi kavu zipimwe kwa mizani, si kwa macho: asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, bila kuhesabu maji yaliyomo. Kwa farasi wa kilo 500, hizo ni kama kilo 8.5 za nyasi kavu za kawaida. Zikilowekwa kwa saa kadhaa, sehemu ya sukari hutoka, lakini madini nayo hutoka, kwa hiyo apewe ya nyongeza. Kumwachia malisho saa chache tu hakusaidii sana. Mjanja huyo hujifunza kula upesi upesi. Bora afungwe mdomoni kikapu chenye tundu dogo, apate majani machache kwa kila tonge.

Jicho la mwenye mali hudanganya, maana humwona kila siku. Ndiyo sababu mtaalamu Henneke wa Marekani alitoa mwaka 1983 kipimo cha 1 hadi 9, ambapo 5 ndiyo wastani: mkono hupapasa mbavu, shingo na shina la mkia. Mbavu zisionekane, lakini vidole vizipate bila kutafuta. Kila baada ya wiki mbili azungushiwe utepe kifuani, na vipimo viandikwe.

Mazoezi ya kila siku ni dawa kubwa, mradi kwato ni nzima. Akichechemea, au ukwato ukiwa wa moto, asipandwe wala asitembezwe. Aitwe daktari kwanza.