MTO GUCHA NA NCHI ZA MTO NILE

Mto Gucha huanza katika vilima vya Nyamira, hupita Kisii, kisha, kwa jina la Kuja, huingia Ziwa la Victoria. Na maji ya ziwa hilo hushuka kwa Mto Nile hata Misri. Ndiyo sababu mwaka 1929 Uingereza iliiahidi Misri kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji hayo haitafanywa bila idhini yake. Wenye vilima hawakuulizwa. Tangu 1999 nchi za Nile hushauriana pamoja, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Tume ya Bonde la Ziwa Victoria mjini Kisumu. Lakini mikaratusi iliyopandwa kandokando ya vijito hunywa maji mengi, na mashamba ya mteremko yasiyo na matuta hupeleka udongo wake mtoni, huku watu wa Nyatike, karibu na ziwa, wakipatwa na mafuriko.