Volkswagen ya zamani yenye injini kubwa: Usipopima hewa na petroli, utaunguza pistoni

WENYE magari ya zamani mjini Bujumbura wengi wana imani moja. Wakiongeza ukubwa wa injini, wakafunga bomba jipya la moshi na kutupa chujio la hewa, basi gari limepata nguvu na kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo kazi inapoanza.

Gari linalofanyiwa hivyo mara nyingi ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1938, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 30, 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Injini yake haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo wa feni na kwa oili.

Injini yake ya 1600 ina ujazo wa sentimita 1,584. Fundi akitoa silinda za milimita 85.5 na kuweka za milimita 87, ujazo unafika 1,641. Silinda hizo huingia bila kuchonga chochote, ndiyo maana zinapendwa. Lakini kuta zake ni nyembamba, hivyo hazivumilii joto kama zile za kwanza.

Joto hilo linatoka wapi? Kwa sehemu kubwa linatokana na jinsi hewa na petroli zinavyochanganywa kwenye kabureta.

Ili kilo moja ya petroli iungue yote, inahitaji kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo inameza kama kilo 11 za hewa. Injini inapobeba mzigo mkubwa huhitaji petroli zaidi kidogo, yaani kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo moja. Petroli hiyo ya ziada huongeza nguvu na pia husaidia kupoza.

Petroli ikizidi mno, moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi na oili huoshwa kwenye kuta za silinda. Ikipungua wakati gari linapanda mlima au linakwenda kasi, valvu ya kutolea moshi huungua, injini hugonga na pistoni inaweza kutoboka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilisoma ukimbizini Kasulu, nchini Tanzania, katika shule isiyokuwa na maabara. Mwalimu wetu alitufundisha mgandamizo wa hewa kwa pampu ya baiskeli. Niliporudi nyumbani niliona kwamba barabara yetu ya kupanda Bugarama ni maabara ya bure.

Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, lakini kabureta haina macho ya kuliona jambo hilo. Tundu la petroli ni lile lile. Kwa hiyo gari lililopimwa vizuri Bujumbura, likifika Bugarama mchanganyiko wake unakuwa mzito kwa takriban asilimia 7. Linachoka, linanuka petroli, na dereva analaumu plagi.

Hatari zaidi ni kinyume chake. Jirani yangu alifunga silinda za milimita 87, akatoa chujio, akapimiwa kabureta Muramvya, huko juu mlimani. Gari likawa jepesi, akafurahi. Akateremka hadi ziwani na kushika njia tambarare ya Rumonge akiwa amekanyaga mafuta mpaka chini. Huku chini hewa ni nzito, na petroli aliyopimiwa mlimani haikutosha. Alirudi akivutwa kwa kamba, pistoni ya silinda ya tatu ikiwa imetoboka.

Si ajabu kuwa ilikuwa ya tatu. Katika injini za kabla ya mwaka 1971, kipozea oili kilikaa kwenye njia ya upepo unaokwenda silinda hiyo. Wengine hubadilisha injini lakini huliacha kasha la feni la zamani, na silinda ya tatu huendelea kupata joto kuliko wenzake.

Je, ufanyeje? Kwanza, usiguse kabureta kabla ya mambo mengine kuwa sawa. Injini ikiwa baridi, nafasi ya valvu iwe milimita 0.15 na ya platini milimita 0.4, kisha pima taimingi. Halafu nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na mabomba ya kuingizia hewa. Mlio ukibadilika, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, na huwezi kupima kitu hapo.

Pili, injini ikishapata joto, rekebisha mwendo wake gari likiwa limesimama. Kabureta ya Solex 34 PICT-3 ina skrubu mbili pembeni. Ndogo ni ya mchanganyiko, kubwa ni ya mwendo. Ifunge ndogo taratibu hadi igote, kisha ifungue mizunguko miwili na nusu. Washa, na kwa skrubu kubwa weka mizunguko 850 kwa dakika. Sasa zungusha ndogo hadi injini ikimbie zaidi, halafu ifunge kidogo tu mpaka mwendo upungue mizunguko 20 hadi 30. Malizia kwa kurudisha 850 kwa ile kubwa. Kazi hii ifanyike nje. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu waliowasha gari ndani ya banda lililofungwa.

Tatu, pima jeti kubwa barabarani. Namba iliyochongwa juu yake ni upana wa tundu: 127.5 maana yake milimita 1.275. Kutoka 127.5 kwenda 122.5 eneo la tundu hupungua kwa karibu asilimia 8. Panda mlima usio na magari mengi ukiwa umekanyaga mafuta, kanyaga klachi, zima injini na simama pembeni. Fungua plagi zote nne. Rangi ya kahawia iliyopauka ni njema. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli imezidi. Nyeupe inasema imepungua, usiendelee na safari. Mwenye uwezo afunge kipimo cha oksijeni kwenye bomba la moshi. Kitasema kwa namba kile ambacho plagi inasema kwa rangi.

Aidha, pima mahali utakapoendesha. Anayepanda na kuteremka kila wiki apimie huku chini, avumilie uzito kidogo mlimani. Masizi husafishwa, pistoni iliyotoboka haisafishwi.

Mwaka 2024 tulikesha kwenye foleni za petroli hapa Bujumbura, na wengine wakanunua ya kwenye chupa bila kujua imechanganywa na nini. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huifanya injini igonge hata kama kabureta imepimwa vizuri. Ukisikia mgongo wa namna hiyo mlimani, punguza mafuta mara moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jeti moja ni kitu cha kushikwa kwa vidole viwili. Kabla ya kununua silinda kubwa, mwulize fundi wako ataweka jeti namba ngapi, na kwa nini. Akishindwa kujibu, tafuta mwingine.