Kura ya kwanza isisubiri miaka 22

Uchaguzi mkuu wa Agosti 9, 2022 ulipowadia, shule nchini Kenya zilifungwa na wanafunzi wakarudi makwao. Madarasa yakageuzwa vituo vya kura. Watu wazima wakapanga foleni kuwachagua wabunge ambao, pamoja na mengine, huwa na ushawishi katika ugawaji wa basari za NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneobunge: anayepata husoma, anayekosa hutumwa nyumbani kuleta karo. Mwanafunzi wa miaka 16 au 17 hakuwa na sauti katika jambo hilo. Katiba ya 2010 inampa haki ya kura mtu mzima pekee, yaani aliyetimiza miaka 18.

Kwenye kalenda, hata hiyo 18 ni ndogo kuliko hali halisi. Msichana aliyetimiza umri huo Septemba 2022 aliukosa uchaguzi kwa wiki chache tu. Ataupata mwingine Agosti 2027, akikaribia miaka 23. Kufikia hapo ameshamaliza shule, amehamia mjini kutafuta riziki, na hakuna mwalimu wala mzazi wa kumuuliza kama amejiandikisha. Tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, ilipotangaza mwaka 2022 kwamba vijana waliojiandikisha walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko 2017, lawama ziliwaangukia wao. Mimi naulaumu utaratibu unaongoja kijana atawanyike ndipo umwite.

Uskoti walimwita mapema. Katika kura ya maoni ya Septemba 18, 2014 kuhusu uhuru wa nchi hiyo, wenye miaka 16 na 17 waliruhusiwa kushiriki, na zaidi ya 100,000 wakajiandikisha. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa niaba ya tume ya uchaguzi ya huko ulionyesha kuwa takriban watatu kati ya kila wanne wa umri huo walisema walipiga kura. Kwa wenye miaka 18 hadi 24, ilikuwa nusu na kidogo. Wadogo waliwapita kaka na dada zao! Mjadala ulikuwa darasani, ukawafuata hadi mezani nyumbani, na sehemu kubwa yao walikuwa na msimamo tofauti na wa mzazi. Mwaka uliofuata, Bunge la Uskoti liliwapa haki hiyo katika chaguzi zake bila kupingwa. Watafiti waliowafuatilia wamekuta kwamba walioanza wakiwa na miaka 16 waliendelea kujitokeza kwa wingi hata baada ya kuvuka umri wa miaka 20.

Austria ilishusha umri mwaka 2007. Brazil ilikuwa imetangulia: katiba yake ya 1988 inamlazimisha mtu mzima kupiga kura, lakini wa miaka 16 na 17 hupiga akitaka. Huo ndio mfumo ningeutaka Kenya.

Hofu ninayoipa uzito ni ya wanasiasa kuvamia shule na kumshinikiza mwalimu mkuu. Kampeni ndani ya ua la shule zipigwe marufuku, na anayevunja sheria aondolewe kinyang'anyironi. Ama hoja kwamba mtoto atahongwa, tumewaona wazee wakihongwa na hatujawanyang'anya kura.

Juni 25, 2024, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha dhidi ya 106 waliopinga. Siku hiyo hiyo vijana walioupinga waliingia Bungeni, wengine wakapigwa risasi barabarani. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Miongoni mwa waliouawa katika maandamano ya msimu ule walikuwamo watoto ambao hawakuwa wamefika umri wa kumchagua hata diwani. Nchi iliyowafikisha barabarani kabla ya kuwafikisha kwenye debe haiwezi kusema kuwa siasa haziwahusu.

Kubadili haki ya kura, iliyo katika Sheria ya Haki za Kimsingi ya Katiba, kunahitaji kura ya maoni. Swali hilo likiletwa, wenye miaka 16 hawatakuwemo foleni. Sisi wazazi wao ndio tutakaoamua, na mimi nitapiga ya ndiyo.